Dresa wa Mlango wa Kati

Mara ya kwanza Dresa aliponigusa alinipiga kofi. Nilikuwa nimemleta mpwa wangu Mwanasha, binti wa dada yangu, anatoka damu kwenye fizi kama aliyetafuna tambuu usiku kucha. Dresa akamvuta kope ya chini, akautazama weupe wake, akasema, "Chupa mbili. Lete watu wawili wenye damu." Mimi ni mchuuzi wa mbuzi. Mtu akinitajia idadi, ulimi wangu huishusha wenyewe kabla sijaufunga.

"Bwana Dresa," nikasema, "tufanye moja na nusu."

Kofi likanikuta mdomo ungali wazi. Niliona nyota saba. Nilipohesabu tena zilikuwa nane.

"Sasa ni chupa tatu," akasema. "Endelea kupatana."

Sikuendelea. Akaniangalia kidogo, akaingia ndani, akatoka na nusu ya mkate. "Umekula?" akaniuliza. Ndivyo alivyokuwa. Kila baada ya kofi lilikuja swali hilo, na baada ya swali ulikuja mkate. Watu walioshinda pale walisema ukiwa na njaa sana, njia fupi ni kumtukana Dresa.

Jina lake nalijua na sitaliandika. Kutoka Msambweni hadi Vanga hakuna aliyelitumia. Alikuwa Dresa kwa sababu ya kazi yake ya kufunga vidonda, ingawa alifanya yote: alishona, alitoa meno, alitoa damu kwa mmoja na kuitia kwa mwingine. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, nyuma ya mashamba ya miwa upande wa Ramisi, vyumba vitatu na milango mitatu ya kijani inayofanana, na banda la kupikia la jamaa za wagonjwa ng'ambo ya uwanja. Leo haipo. Imebaki sakafu ya saruji, na watu wanaanikia mahindi. Ninayoyasema ni ya miaka ile tuliyokuwa tukingoja bendera yetu.

Alipiga kwa mkono wa kulia, kiganja wazi, bila hasira, kama karani anayegonga mhuri. Aliwapiga wanaume waliochelewesha wake zao kwa mganga mpaka mtoto akafia tumboni. Aliwapiga waliolia kabla ya sindano, na hawa aliwaambia maneno yake ya kila siku: "Lia baadaye. Saa hizi nina kazi." Sikumwona akimpiga mwanamke wala mtoto, na niliangalia sana, maana nilitaka kosa la kumshtakia.

Palikuwa na wakata miwa wawili waliocharangana mapanga kwa kugombea jiwe la kunolea. Waliletwa kwa mkokoteni mmoja, wakashonwa nusu, wakakumbuka ugomvi wao na kuanza tena mle mle chumbani, mmoja na kiti, mwingine na beseni. Dresa aliwashika visogo akawagonganisha vichwa, mlio ukafika bandani. Kisha akawafunga kwa kamba, kifundo cha mkono wa huyu kwa kifundo cha huyu, akaendelea kushona. Mmoja akiruka kwa uchungu alimvuta mwenzake jeraha, na mwenzake alimlaani, na Dresa akaingia kushona anayelaani. Walilala hivyo hivyo wamefungwa. Kulipopambazuka walikuwa wakilishana uji.

Na mvuvi mmoja wa Kibuyuni, mtu mnene, alimleta mwanawe aliyepasuliwa paja na chuma cha nanga. Alikataa kutoa damu yake. Alisema mwanamume akitolewa damu, shughuli za chumbani zinamwishia.

"Mwanao ndiye shughuli yenyewe ya chumbani," Dresa akamwambia. "Umeshaifanya. Lala."

Mvuvi akakimbia. Dresa alimfukuza kuzunguka uwanja mara mbili, akamwangusha kwenye majivu ya banda letu, akavua kubadhi mguuni akamtandika nayo mpaka ikakatika gidamu, akamburuta kwa mguu. Baadaye nilimwona huyo mvuvi amekaa kizingitini, na Dresa amemshika shingo kwa nyuma, polepole, kama anayemnywesha mtoto, akimshikia kikombe cha chai ya sukari nyingi. "Yote, baba," alikuwa akimwambia. "Malizia yote."

Damu hakuichezea. Kabla ya kuitoa aliweka tone lako na tone la mgonjwa juu ya kisahani cheupe, akakitikisa, akangoja. Yakigandana vibonge alikufukuza, hata ungekuwa baba mzazi. Yakichanganyika alisema "Bismillahi" na kukupiga sindano. Chupa zilikaa ndani ya friji ya mafuta ya taa, na kwa kuwa damu ya baridi humtetemesha mgonjwa, alizipasha moto kwapani mwake. Alijilaza mkekani barazani na chupa moja kwapa hili, nyingine kwapa lile, kofia usoni. Mwenyewe aliona ni kazi. Lakini wapita njia waliona mtu amelala na damu za watu.

Ndipo jina la mumiani likamshika. Kwa watu wetu mumiani ni mnyonya damu, anayewavizia watu awakamue, damu yao ikauzwe kuwa dawa. Hakuna aliyemjua mumiani, ila kila mtu alimjua mtu aliyemjua. Dresa alijua anavyosemwa. Alipopita kituo cha lori Ukunda na akinamama wakawaficha watoto ndani ya kanga, aliwatolea meno makusudi. Hilo halikumsaidia.

Ugonjwa wa Mwanasha ulikuwa saratani ya damu. Daktari, Mgoa mmoja mpole aliyesema Kiswahili kwa kuchagua neno neno, alitufafanulia kwa mfano wa kiwanda cha sukari. Damu inatengenezwa ndani ya mfupa, kwenye uboho, akasema. Kiwanda cha mtoto huyu kimeharibika, kinatoa takataka badala ya damu. Sisi tunamletea damu za watu, naye anaishi kwa hizo, lakini kiwanda ni kile kile. Dada yangu akauliza kama kiwanda hakitengenezeki. Daktari akasema kuna vidonge vikali vya kukifyeka. Na kuna jambo ambalo ng'ambo wanalijaribu: kumtoa ndugu wa tumbo moja uboho wake na kumtia mgonjwa, huenda ukajenga kiwanda kipya. Wengi waliojaribiwa wamekufa, akasema. Yeye mwenyewe angelifanya si kwa kulijua, bali kwa kukosa lingine.

Dada hakuelewa kama anaambiwa ndiyo au hapana. Dresa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingilia kati.

"Daktari anasema ukikubali, huenda akafa. Usipokubali, atakufa. Umeisikia tofauti, mama?"

"Nimeisikia," Dada akasema.

"Basi nani ndugu yake?"

Ndugu alikuwa mmoja tu, Suleimani, kijana wa makamo ya kuoa, mkata miwa, mwenye mgongo kama mlango wa msikiti. Tone lake na la dada yake yalichanganyika kisahanini kama maziwa na chai. Lakini zilihitajika wiki kadhaa za vidonge kwanza, na wiki hizo Mwanasha alizimaliza kwa damu za watu. Kuwatafuta watu hao ilikuwa kazi yangu. Nilipatana nao kama ninavyopatana na wenye mbuzi: huyu kwa kumkumbusha wema wa zamani, huyu kwa kumtia aibu mbele ya mkwewe. Nilileta watu kumi na mmoja. Chupa alizotiwa Mwanasha zilikuwa kumi na nne. Nilihesabu mara mbili, zikawa kumi na nne zile zile. Siku moja ya joto Dresa alikunja mikono ya shati akanawa uso, nikaona ndani ya viwiko vyake vyote viwili matundu ya sindano, mengine mabichi. Nikazijua zile tatu zimetoka wapi.

Mimi? Mimi nilikuwa na safari. Mara mnada, mara mbuzi anazaa, mara nina mafua. Dresa hakuniuliza. Nilidhani hakuona.

Sasa nifike kwenye mdomo wangu. Siku moja kabla ya Suleimani kutolewa uboho nilikuwa kwenye kambi ya wakata miwa, ninamuuzia nyapara wao beberu. Nyapara alikuwa mbishi. Alimpapasa mbuzi mgongo, akamfungua mdomo, akasema amekonda, mifupa mitupu.

"Mifupa ndiyo yenye uboho, bwana," nikasema. "Uliza hospitali. Kesho wanamtoa mpwa wangu uboho wa nyonga, kwa sindano nene kama msumari."

Nyapara akamwachia mbuzi. "Uboho wa mtu? Mtu hai?"

"Hai anapumua."

"Unakwenda wapi huo uboho?"

Ningeweza kumwambia. Jibu lilikuwa fupi, nami nilikuwa nalo. Lakini wakata miwa walikuwa wamekwisha kusogea kusikiliza, na mchuuzi akipata watu wanaomsikiliza hupenda kuwachekesha kwanza.

"Nani ajuaye," nikasema. "Mnamjua Dresa na mkate wake. Labda anaupaka juu."

Hawakucheka. Nyapara alimchukua beberu kwa bei yangu bila neno, nikaenda zangu nikijiona fundi.

Asubuhi yake Suleimani alilazwa kifudifudi juu ya meza, chumba cha kati, na Mwanasha kitandani kando yake. Dresa alimpa kipande cha muwa. "Uma. Ukimeza maganda shauri yako." Daktari alimpiga sindano ya ganzi, lakini ganzi huishia kwenye nyama, mfupa haujui. Niliona kwa kupitia wavu wa dirisha: daktari ameegemea ile sindano kwa uzito wake wote, anaizungusha kama anayetoboa ubao, mpaka ikaingia kwa mlio. Alipovuta bomba, Suleimani alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mbuzi wala kwa mtu. Muwa haukuizuia. Nilirudi bandani kwa Dada. Sauti ilikuja ya pili, na ya tatu, maana uboho hautoki wote tundu moja. Ilivuka uwanja ikaingia kwenye miwa, na kwenye miwa walikuwemo watu wa nyapara, waliolala na maneno yangu.

Walitoka kwa safu, na mapanga. Nikawahesabu. Kumi na tisa. Nikawahesabu tena.

Nyapara alikuja kwanza bandani, panga limelowa maji ya miwa. "Bwana Mbuzi," akasema, "wamemtia chumba gani?"

Milango ilikuwa mitatu, yote ya kijani, yote imefungwa, na kwa dakika ile sauti ndani ilikuwa imenyamaza. Mimi ni mtu wa maneno. Sikusema hata moja. Dada alikuwa amenishika kanzu, akisema, "Kaka, waambie. Waambie ni kwa mwanangu."

Walikwenda moja kwa moja mlango wa kati.

Ulifunguka kabla hawajaufikia. Dresa akatoka, akaufunga nyuma yake, mkononi ana chuma kirefu cha kutundikia chupa.

"Mgonjwa mmoja mmoja," akasema. "Nani wa kwanza?"

"Mtoe kijana wetu, mumiani we!"

"Akimaliza atatoka. Kaeni chini mngoje kama watu."

Wa kwanza alipanda ngazi na chuma kikamshukia begani. Mfupa wa mtulinga ulilia kama ukuni mkavu. Wa pili alipigwa mdomoni, akarudi chini akitema meno mkononi mwake, akiyatazama. Wakaanza mawe. Jiwe lilimpasua Dresa kipaji, damu ikamfunika jicho, akaendelea na jicho moja. Hakuja mbele hatua, hakurudi nyuma hatua. Mgongo wake ulikuwa umeegemea ule mlango, na nyuma ya mlango daktari alikuwa akichuja uboho kwenye wavu wa chuma, mwekundu, mzito kama maji ya ukwaju, akiuingiza tone kwa tone kwenye mshipa wa mtoto wetu. Ukiganda umekwisha, na hapakuwa na mwingine. Hayo Dresa aliyajua. Wale hawakuyajua, kwa sababu aliyeyajua nje alikuwa mimi.

Nyapara akarusha panga kwa pembeni. Lilikuta chuma, likateleza juu yake, likakuta mkono. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilianguka kwenye saruji. Nilivihesabu. Vilikuwa viwili.

Dresa akavitazama. Akahamishia chuma mkono wa kushoto.

"Lia baadaye," akasema, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.

Sijui yangeishia wapi. Mlango ulifunguka nyuma yake na Suleimani akatoka, kifua wazi, bandeji nyonga zote mbili, damu imemchuruzika mpaka kisigino, kipande cha muwa bado kiko menoni. Akakitema.

"Mna wazimu?" akasema. "Nimetoa mwenyewe! Ni wa dada yangu, uko mwilini mwa dada yangu! Nani amewaambia nimeibiwa?"

Nyapara akageuka akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mbuzi wangu mmoja aliyekuwa akila jani la mpapai.

Walitaka kuondoka, mapanga yameshushwa. Dresa hakuwaruhusu. Alikuwa ameuzungushia mkono kitambaa na kitambaa kimekwisha kujaa. "Mnakwenda wapi?" akawafokea. "Huyu wa bega abaki, na huyu wa meno. Nyinyi wengine kunjeni mikono ya mashati. Mmemwaga kiasi gani hapa kwenye ngazi yangu? Rudisheni!" Na akawapanga mstari, naye anayumba, akaleta kisahani chake cheupe. Daktari alimsihi ashonwe kwanza. Alikubali kushonwa amekaa kwenye ngazi, mkono wa kulia kwa daktari, mkono wa kushoto unatikisa kisahani. Wanne damu yao ilichanganyika na ya Mwanasha. Wakatoa. Nyapara alikuwa mmoja wao, na alikunywa chai yake akilia kimya kimya.

Fizi za Mwanasha ziliacha kutoka damu. Alinenepa mashavu. Siku ya bendera alisimama juu ya mabega ya Suleimani, akapiga kelele kuliko watu wazima. Daktari hakujisifu. Alituambia waziwazi hajui kama ni uboho au ni vidonge, na kwamba anaogopa kiwanda cha zamani hakijafyekeka. Hakikuwa kimefyekeka. Mwanasha alifariki mvua za masika zilipoanza, miezi tisa baada ya siku ile. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwa miandamo ya mwezi, ikaja tisa. Dada alisema, "Miezi tisa. Basi nilimbeba mara mbili."

Dresa alikuja mazikoni na mkono wake wa vidole vitatu. Alimpiga kofi la kushoto kijana mmoja aliyekuwa akicheka kwenye foleni ya jeneza. Halikuwa kofi la maana.

Nilikaa miaka bila kwenda kwake. Alikuwa ameacha kazi, anaishi Kibuyuni kwa binti yake, na bendera ile tuliyoingoja ilikuwa imekwisha kuchakaa kwenye mlingoti na kubadilishwa mara mbili. Kisha redio ikatangaza kwamba ng'ambo kuna mtoto ametiwa uboho wa nduguye na uboho umeshika, mtoto anaishi. Nikaifunga habari ile kama zawadi, nikampelekea. Nilitaka kitu badala yake, sikatai. Sijawahi kwenda mahali mikono mitupu bila kutaka kurudi nayo imejaa.

Nilimkuta barazani akisuka mgono wa kutegea samaki, kwa vidole vitatu na goti.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba, Bwana Mbuzi. Keti."

Nikampa habari. Aliacha kusuka. Alinitaka nirudie, ndugu wa namna gani, mtoto wa umri gani, nami nikarudia yote niliyoyasikia.

"Basi daktari hakuwa mwenda wazimu," akasema.

"Hakuwa."

"Na mlango haukushikwa bure."

"Haukushikwa bure." Nikaona hapa ndipo pa kupatana. "Na wale watu siku ile, Bwana Dresa, wote wamejuta. Wote kumi na tisa."

"Ishirini."

"Kumi na tisa. Nilikuwa bandani, niliwahesabu mara mbili."

"Nami nilikuwa dirishani," akasema, akiukaza mgono. "Nyapara alikuuliza chumba. Milango mitatu, wewe ukatazama wa kati. Ishirini."

Sikuwa na bei ya kutaja. Niliinama nikamsogezea shavu, mtu mzima mwenye mvi, nikafumba macho. Nilingoja. Halikuja.

"Sina tena mkono wa kukupigia," akasema. "Kunja shati."

Nikakunja. Vile vidole vitatu vikanishika ndani ya kiwiko, vikabonyeza, vikapita juu na chini, kama zamani, vikatulia.

"Mshipa mnene," akasema. "Mzima. Haujaguswa hata na sindano moja. Umeutunza vizuri mno, Bwana Mbuzi."

Akaniachia mkono. Akauchukua mgono wake.

"Umekula?" akaniuliza.